Maiti Iliyopoa Upesi

Daktari wa maiti hakupenda kuulizwa swali lile lile tena na tena, na asubuhi hiyo Inspekta hakuwa na swali jingine.

"Alikufa saa ngapi?"

"Nimeshaandika. Mchana, baada ya saa sita, kabla ya saa nane." Daktari alikuwa ananawa mikono, mgongo kampa mgeni wake. "Nilipomfikia jioni, mwili ulishapoa. Kipimajoto hakina shemeji wala mkwe, Inspekta. Kinasema kilichopo."

"Na viungo vyake?"

Maji yaliendelea kutiririka bombani.

"Vilikuwa laini," daktari alisema.

"Mtu afe mchana, kwa joto letu hili, halafu jioni mkono wake ukunjike kama wa aliyelala?"

"Watu hawafanani."

Inspekta hakubisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyowalazimu watu kuinama ili wamsikie, na wengi walikuwa wakiinama wanaropoka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mfuko wake wa plastiki juu ya meza.

Hapakuwa na haja ya kukumbushana. Fundi vanishi alikutwa jana jioni chali katika karakana yake, kisogo kimepasuliwa kwa nyundo ya mbao, dumu la thina ya kuzimulia vanishi limeanguka ubavuni mwake na feni kubwa ya kukaushia inanguruma juu yake. Mchana wa siku hiyo mkewe, Mama Kidoti, alimpelekea chakula, na majirani waliwasikia wakigombana. Baada ya hapo hakuonekana mtu kuingia mpaka jioni, kaka wa marehemu alipofika na wateja wawili na kupiga ukelele. Kaka huyo alishinda kwenye ghala la mbao mbele ya watu chungu nzima, akaondoka alasiri mvua ilipoanza. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi mno. Kama fundi alikufa mchana, aliyemuua ni mkewe. Faili lake lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka leo hii, na likishafika huko, Mama Kidoti angezeekea gerezani na binti yake wa miaka mitano angelelewa na watu wengine.

Hesabu nyepesi zilimtia Inspekta hofu kuliko zile nzito. Alifungua mfuko, akatoa shati la marehemu.

"Nani alifua shati hili?"

"Hakuna aliyelifua. Nilimvua mwenyewe, nikalifunga."

"Lione basi."

Lilikuwa shati la kazi, limeliwa na vanishi ya miaka nenda miaka rudi. Mikono ilikuwa ya kahawia, migumu kama gome. Lakini kifua chote, toka kola hadi kiunoni, kilikuwa cheupe pee, na ule ukahawia wake ulikuwa umesukumwa pembeni ukajikusanya kwenye mapindo kama mstari wa chai chini ya kikombe.

"Thina imelisafisha," daktari alisema. "Si dumu lilianguka?"

"Lilianguka sakafuni. Yeye alikuwa chali. Ilitakiwa kulowa mgongo. Mgongo huu hapa, mchafu kama alivyouvaa asubuhi." Inspekta aliligeuza shati taratibu. "Thina haipandi kifuani yenyewe, daktari. Mtu alisimama juu yake akammwagia kifuani. Swali langu ni kwa nini. Moto hakuwasha. Aliwasha feni."

Daktari alifunga bomba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa shingo upande, lakini hakuwa mjinga. Alikwenda ukutani, akang'oa kipimajoto cha chumba, akakizungushia pamba kwenye tumbo lake la kioo.

"Unayo hiyo thina?"

Inspekta alikuwa nayo, kwenye chupa ya dawa. Daktari alilowesha pamba, akasogeza feni ya mezani, akaiwasha. Harufu ilijaa chumbani, tamu kwanza kisha kali, ile inayowasha nyuma ya macho. Wote wawili waliinama.

Kipimajoto kilianza kwenye ishirini na nane. Kikashuka bila kusita. Kilipopita ishirini daktari aliguna. Kilipopita kumi na tano aliacha hata kuguna. Kikateremka chini ya kumi, na juu ya pamba ukaota ukungu mweupe, mwembamba, mfano wa pumzi ya mtu kwenye kioo.

"Huu weupe ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Maji. Ni unyevu wa hewani. Ukikutana na kitu baridi hivyo, unatua hapo hapo." Daktari alikuwa amebadilika sauti. "Kimiminika hakigeuki mvuke hivi hivi, lazima kipate joto mahali. Maji yanachukua joto polepole. Thina inageuka mvuke kwa pupa, basi na joto inalinyang'anya kwa pupa, kutoka kwa chochote kilichomwagiwa. Ukiiongezea feni, ndiyo kabisa."

"Chochote kilichomwagiwa. Hata mtu."

"Hata mtu. Marehemu alikuwa mwembamba, hana mafuta ya kumkinga. Kifua kizima kimelowa, feni juu yake..." Alikaa kitini bila kuangalia anakalia nini. "Atapoa kama aliyekufa zamani. Na baridi inachelewesha kukakamaa. Ndiyo maana viungo vilikuwa laini. Viungo vilisema kweli, mimi nikasikiliza kipimajoto."

"Kwa hiyo alikufa lini?"

"Baadaye sana. Alasiri. Huenda hata baada ya mvua kuanza." Daktari alijipangusa uso kwa mkono wenye thina, akashtuka kwa ubaridi wake. "Mungu wangu. Ningemfunga mwanamke wa watu."

"Bado utamfunga usipoandika upya. Andika sasa, mimi niko."

Alipokuwa anaandika aliinua kichwa ghafla. "Hiyo chupa ifunge kizibo, tafadhali. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea. Unatambaa sakafuni kama maji, unakwenda mpaka ukute moto, hata kama moto uko chumba cha pili. Nimewahi kuwapokea watu hapa, jamaa wa kiwanda cha viatu. Waliungua kuanzia miguuni."

Inspekta alikaza kizibo. Aliyefanya jambo hili, aliwaza, anaijua thina kama anavyoijua njia ya kwenda chooni kwake. Na mtu huyo alikuwa huru, anakula, analala, anapokea pole za msiba.

Mama Kidoti alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, kanga kaivuta mpaka puani. Alipomwona Inspekta hakuuliza habari ya kesi.

"Mtoto wangu amekula?"

"Yuko kwa shemeji yako. Mkewe anamtunza."

"Kidoti hali bila kubembelezwa. Wamwambie mama yake mkubwa amkatie vipande vidogo."

"Nitawaambia." Inspekta alichuchumaa wakawa sawa kwa sawa. "Mama, nina swali moja tu. Jana mvua ilipoanza, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Naanua nguo."

"Na mtoto?"

"Alikuwa amelala. Yaani nilidhani amelala. Kumbe kanitoroka." Aliishusha kanga. "Karudi amelowa chapachapa, gauni linanuka thina kama nguo za baba yake. Nikamfinya."

"Akasema alikuwa wapi?"

"Wapi? Hakusema kitu. Hata kulia hakulia. Na Kidoti wangu ukimtazama vibaya tu, analia mpaka jirani aje kuamua. Jana alinikodolea macho tu." Machozi yalianza kumtoka. "Nimemfinya mtoto siku aliyofiwa na baba yake."

"Mbona hukutuambia haya?"

"Niliwaambia mume wangu nimemwacha mzima, mkanicheka. Ndiyo niwaeleze habari za gauni?"

Lilikuwa jibu la haki, na Inspekta alilimeza. "Ni nani mwingine anayejua gauni lilinuka thina?"

"Shemeji peke yake. Alipoleta habari ya msiba alimnyanyua mtoto, akamnusa. Akauliza, 'Huyu alikuwa wapi?' Nikamwambia, labda alikwenda kumchungulia baba yake. Papo hapo akasema, usijali shemeji, huyu nitakaa naye mimi."

Inspekta alisimama haraka mno, magoti yakamlalamikia, na alikuwa ameshafika mlangoni kabla hajakumbuka kuaga.

"Kuna nini?" Mama Kidoti alikuwa ameshika vyuma. "Inspekta! Mtoto wangu ana nini? Niambie! Kuna nini?"

Hakumwambia, kwa sababu hakujua, na kwa sababu alichokidhania hakikufaa kusemwa mbele ya mama.

Konstebo aliyeitwa Redio, kwa vile hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliendesha gari bila kusema neno, na hilo lilimwogopesha Inspekta zaidi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Nyumbani kwa shemeji, mke wake alitoka na mikono yenye sabuni.

"Wametoka, yeye na Kidoti. Wamekwenda karakana. Mtoto anataka kile kigoda chake alichochongewa na baba yake."

"Mtoto alikitaka mwenyewe? Alisema?"

Mwanamke alifikiri. "Hapana, kwa kweli. Tangu jana hajafungua mdomo. Baba yake mkubwa ndiye aliyesema anakitaka."

Karakana ilikuwa mwisho wa uchochoro, ukuta wa matofali na paa la bati. Utepe wa polisi mlangoni ulikuwa umekatwa, ukakunjwa vizuri pembeni, kazi ya mtu nadhifu. Inspekta alimwashiria Redio azunguke nyuma.

"Usikurupuke. Mpaka nijue mtoto yuko wapi, sisi tumekuja kusalimia tu."

Akapiga moyo konde, akasukuma mlango.

Kilichomlaki kwanza ni harufu. Karakana ya vanishi hunuka thina siku zote, lakini hii ilikuwa nzito, imekaa chini, inapanda miguuni. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kazi, viti visivyo na miguu, na sakafuni, karibu na meza, jiko la mafuta ya taa lililowashwa, kopo la gundi juu yake. Kushoto mlango wa chumba cha kukaushia ulikuwa wazi kidogo, upana wa kiganja. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, anajipangusa mikono kwa kitambaa.

Watu walimwita Msasa. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kulainisha mbao, na mdogo wake kupuliza vanishi. Alikuwa mpole wa kuonekana, mrefu, mabega yameinama kwa kazi.

"Inspekta! Karibu. Samahani kwa utepe, askari wenu mmoja aliniruhusu. Viti vya watu vinasubiri gundi."

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa." Alitupa jicho kwenye jiko. "Lakini tuongelee nje, hewa ya humu si nzuri kwa mgeni."

"Mvua inanyesha."

"Kuna kibaraza."

"Hapa pananitosha." Inspekta alisimama pale mlangoni, koti lake la mvua likichuruza maji. Mtu aliyekula harufu hii maisha yake yote, na leo ndiyo inamkera? "Kidoti hajambo? Mama yake ananiuliza."

"Hajambo. Nimemwacha kwa jirani hapo, anacheza na wenzake."

Alisema bila kupepesa. Watoto hawakuwa wakicheza nje, mvua ilikuwa imewafagia wote. Inspekta angemrukia sasa hivi, lakini mtu akikamatwa hufunga mdomo, na alichokihitaji kilikuwa kinywani mwa mtu huyu.

Akachagua kumchelewesha. Juu ya meza, kwenye waya, kilining'inia kipande cha ubao kilichopulizwa vanishi. Alikishika. Kilikuwa cheupe, kimepauka kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Hiki nacho ni nini?"

"Kipande cha kujaribia. Mdogo wangu alikuwa hapulizi kabati kabla hajapuliza ubao. Yaani kabati koti moja la vanishi, ubao koti moja. Alikuwa na mambo yake."

"Kwa hiyo huu ulipulizwa na lile kabati la mwisho. Mbona umepauka?"

Msasa aliangalia jiko, akaangalia ubao. Inspekta aliona jinsi kazi ilivyomvuta, hata pale.

"Ni thina ya haraka hiyo. Inakauka kabla hujageuka, inapoza mbao, hewa ikiwa na unyevu, unatua humo humo ndani ya vanishi. Siku ya mvua unatakiwa uweke thina ya taratibu. Kila fundi anajua."

"Jana asubuhi palikuwa pakavu."

"Pakavu, ndiyo."

"Na mchana."

Inspekta aliendelea kwa sauti ile ile ndogo, na Msasa akajikuta ameinama kusikiliza.

"Kwa hiyo ubao huu ulipulizwa baada ya mvua kuanza. Na aliyeupuliza alikuwa hai. Lakini kinachonisumbua si huo. Picha zetu za jana jioni zinaonyesha kabati linang'aa, mpaka mpigapicha kajiona mwenyewe kwenye mlango wake. Ubao umepauka, kabati linang'aa, na koti ni moja."

"Mng'ao unarudishwa," Msasa alisema. "Unalipitishia thina ya taratibu, mkono mwepesi, vanishi inalainika, unyevu unatoka. Ukizidisha inachuruzika. Si kazi ya kila mtu."

"Uliliweza."

"Niliweza." Alikuwa ameshasema. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, ukingoja kulirudisha neno. Kisha mabega yale yaliyoinama yakanyooka, na ule upole ukamtoka usoni kama vumbi lililopanguswa. "Mteja wake angelikuta limepauka. Lingekaa hivyo hapa, watu wanapita wanaliona. Nisingeweza. Maisha yangu yote napiga msasa mimi, navuta vumbi mimi, mteja akija anapapasa mng'ao na kumsifu yeye. Jana kaniambia anahamia kwake peke yake, na wateja wote wanamfuata. Akanipa mgongo, akaendelea kupuliza." Akageuka kutazama jiko tena. "Kabati lile nimelimaliza mimi. Lione uso wake, halafu useme."

"Mtoto yuko wapi, Msasa?"

Msasa alikuwa anarudi nyuma, hatua ndogo ndogo, kuelekea mlango wa nyuma, na macho yake hayakuwa kwa Inspekta hata kidogo. Yalikuwa kwenye jiko.

Inspekta naye akalitazama.

Ndimi za moto, zilizokuwa fupi na za manjano alipoingia, zilikuwa zimerefuka. Zilikuwa na ukingo wa buluu hafifu usiokuwepo awali, na zote zimelala upande mmoja, zinaunyooshea ule mlango wa kushoto uliokuwa wazi upana wa kiganja. Na pale mlangoni sakafu ilikuwa imelowa.

Akaelewa yote kwa mara moja, jiko lililowekwa chini badala ya mezani, gundi isiyokorogwa, mtu mwenye haraka ya kwenda kusimama kibarazani mbele ya macho ya watu. Mvuke ulikuwa njiani. Ulikuwa unatambaa peke yake, bila mtu, na ulikuwa umeshafika.

Hakufikiri. Alivua koti lake lililolowa, akalitupa juu ya jiko, kopo, gundi na vyote, akajitupa na yeye juu yake. Koti likafoka. Mvuke wa maji ukamchoma mikono. Alibaki pale amelikumbatia jiko, anasikiliza, anangoja kuungua. Hakuungua. Chini ya koti moto ulikuwa umekufa.

Alipoinua kichwa Msasa alikuwa ameshika kibiriti.

"Mikono yako, Msasa," Inspekta alisema. "Itazame. Imelowa thina mpaka kwenye viwiko."

Msasa aliitazama mikono yake. Alikuwa fundi, na alijua ilivyo. Kijiti kilikaa juu ya kibiriti, kisiende mbele wala nyuma, na hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Redio akamkumbatia kwa nyuma na kumbeba juu juu mpaka nje kwenye mvua, kibiriti kikaanguka kwenye dimbwi.

"Hakuna kuwasha taa!" Inspekta alipiga kelele. "Usiguse swichi yoyote!"

Alivuta pumzi ya mlangoni mpaka mapafu yakajaa, akaibana, akaingia chumba cha kukaushia. Hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na makabati matatu makubwa yaliyosimama gizani, yote yamefungwa, yote yananuka. Macho yalimtoka machozi. Aligonga la kwanza, kimya. Hakuwa na pumzi ya kuyajaribu yote. Akainama.

Chini ya mlango wa kabati la katikati, kwenye kizingiti kilichong'aa, palikuwa na mstari mweupe. Ulikuwa mbichi, unazidi kupanuka mbele ya macho yake, thina ikichirizika kutoka ndani na kuipausha vanishi. Aligusa. Palikuwa baridi kama chungu cha maji.

Patasi ilikuwa ukutani. Alipachika ncha karibu na kufuli na kusukuma kwa uzito wake wote, na kazi nzuri ya Msasa ikapasuka kutoka juu hadi chini. Kidoti alikuwa amejikunja sakafuni mwa kabati, chini kabisa, pale mvuke unapopenda kukaa, gauni limelowa, kwa mikono yote miwili ameziba mdomo wake. Macho yalikuwa yamefumbwa.

Inspekta hakukumbuka baadaye alivyotoka. Alikumbuka mvua usoni, na uzito wa mtoto, mdogo mno na baridi mno, na sauti yake mwenyewe, ile sauti ndogo, inapasua uchochoro ikiita gari. Alimlaza kibarazani kwa ubavu, akamvua gauni lile, akamfunga kwa shati lake la sare. Alimsugua mgongo. Akamsugua tena, huku akisema maneno ambayo mama huyasema na ambayo hayana maana yoyote. Majirani walikuwa wanatoka, mmoja mmoja, wanasimama mbali.

Mtoto alikohoa. Akatapika maji kidogo, akakohoa tena, akalia kwa sauti kubwa, na Inspekta hakuwahi kusikia kilio kilichomfurahisha namna ile. Alimnyanyua akamweka mapajani.

"Haya, lia. Lia mama, lia uwezavyo."

Kidoti alilia mpaka kilio kikamwisha. Kisha akaangalia huku na huku, akaona hakuna wa kumkataza, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Baba mkubwa alisema nikinyamaza, mama atarudi."

"Mama anarudi. Gari ndiyo linawashwa, tunakwenda kumtoa sasa hivi."

"Nilinyamaza vizuri."

"Vizuri sana. Basi imetosha, huna haja tena."

Mtoto alifikiri. Aliegemeza kichwa kwenye kifua cha Inspekta, akatazama mlango wa karakana uliokuwa wazi.

"Na baba je? Yeye alianza kunyamaza jana. Baba mkubwa alimmwagia maji ya baridi na bado akanyamaza," alisema. "Mwambie imetosha."